Kipindi cha Mikoko, Mtoni

Saa moja na robo asubuhi, Jumatatu tarehe 8 Februari 1971, maji yalikuwa yametoka na mikoko 74 ilikuwa imesimama ufukweni Mtoni. Bi Shemsa aliihesabu mara mbili. Alikuwa akifundisha saikolojia katika chuo cha ualimu tangu 1964. Mwaka 1967 wanafunzi wake walipanda miche 140 hapo, wajifunze kwa vitendo jinsi mtu anavyopata tabia ya kutunza kitu. Sasa mkuu wa chuo, Bwana Borafya, alikuwa ametoa sharti: mwisho wa Aprili miti isipofika sabini, kipindi kinafutwa na saa zake zinakwenda kwenye useremala.

Desemba ilikatwa mitatu. Mapema Januari Bi Shemsa alisimamisha ubao: MALI YA SERIKALI, USIKATE. Tangu hapo ilikatwa thelathini na mmoja.

Alimkuta Pandu, jirani wa ufukwe, akifunga fito kwenye ukuta wa nyumba yake.

"Shikamoo, Mzee Pandu. Fito hizi umezitoa wapi?"

"Marahaba. Pale kwenye ubao wako."

"Ubao hukuusoma?"

"Nimeusoma vizuri, kisomo cha ngumbaro nshamaliza. Serikali ya nani, mwalimu? Si tumeambiwa ni yetu? Basi nkachukua changu."

Mkewe, Mize, alicheka kutoka jikoni. "Ungeandika mali ya Pandu, angehamia hukohuko ailinde!"

Bi Shemsa aliyaandika maneno hayo kwenye daftari. Alhamisi aling'oa ubao, akagawa miti mitano kwa kila nyumba, nyumba kumi na nne. Minne iliyobaki akaichukua yeye. Kila mwenye nyumba alifunga ukuti kwenye yake, kama afanyavyo kwa mzigo wa kuni anaouacha njiani. Mzigo wenye ukuti hauguswi.

Machi haukukatwa hata mmoja. Ijumaa tarehe 30 Aprili ilihesabiwa 69. Mitano ya Pandu haikuwapo.

"Mzee Pandu, umekata!"

"Yangu. Ya mtu nimegusa? Jiko la Mize limeanguka kwa mvua."

Wanu, mwanafunzi aliyeshika daftari, alisema polepole, "Tuandike sabini, Bi Shemsa. Nani atakuja kuhesabu kwenye tope hili?"

"Mimi nshahesabu."

Akaandika 69. Bwana Borafya aliitia saini hesabu hiyo mchana. Jumatatu tarehe 3 Mei, saa moja na robo, ratiba ilionyesha useremala.