Jike Mmoja Ndani ya Chupa

Kaka yangu alifanya kazi ya kutafuta kitu asichotaka kukipata. Kwa miaka tisa aliongoza kikosi cha kutokomeza nzi wa matunda, yule mgeni aliyeingia na shehena ya maembe akageuza mapera ya watu kuwa uji wa mabuu. Mimi nilikuwa dereva wake. Kila Jumatatu tulizunguka mashambani kukagua mitego, na kwa miezi kumi na minne tuliikuta mitupu. Mwingine angefanya sherehe. Kaka alianza kukosa usingizi.

"Mtego uliojaa unapewa fedha," alisema. "Mtupu nani ataulisha?"

Alijua anachosema. Kamati ya bajeti ilitaka kutufunga, na kazi ilihitaji misimu mitatu zaidi ya kukagua. Jike mmoja tu akisalia kichakani, miaka tisa imekwenda na maji.

Asubuhi ya kikao nilimpitia nyumbani. Shemeji alikuwa jikoni, anapiga hewa kwa kitambaa.

"Mkuu wa nzi, hebu tokomeza hawa kwanza!"

Walikuwa wale nzi wadogo wa ndizi mbivu, wasio na madhara. Kaka akawatazama, kisha akaomba chupa ya jamu.

"Mke wangu, leo umeokoa nchi."

"Nchi sijui. Chupa yangu irudi safi."

Kikaoni, mwenyekiti wa kamati, mwenye ekari kumi za mapera, alikuwa ameshashika kalamu. "Mkuu, nzi hakuna. Tunalipia nini?"

Kaka akaweka chupa mezani. Ndani kulikuwa na purukushani. "Mheshimiwa, tuseme humu mna jike mmoja, tumbo limejaa mayai. Bajeti yangu ndiyo hiki kifuniko. Ukiona hakina kazi, kifungue. Dirisha hilo hapo."

Mjumbe mmoja akarudisha kiti nyuma. Mwenyekiti akatazama dirisha, upande wa shamba lake.

"Una wazimu? Umewaleta humu?"

"Sijasema nimeleta nini. Nimesema tuseme."

Ndipo bwana shamba wa kamati akainama juu ya chupa. Yule mzee aliwajua nzi kama mwalimu anavyowajua watoto watundu. Akaichungulia chupa, akamwangalia kaka, akavua miwani akaifuta polepole mno.

"Mheshimiwa," akasema, "ningekuwa wewe, ningekikaza kidogo."

Mwenyekiti akakikaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Hakukiachia hata wakati wa kura. Wenzake waliinua mikono, yeye akainua kidevu. Bajeti ya misimu mitatu ikapita bila kupingwa.

Koridoni kaka alicheka hadi akashika ukuta. "Na kama ungekamatwa?" nikamuuliza.

"Ungeniletea chakula gerezani. Dereva si wewe?"

Tulikagua misimu yote mitatu. Hatukumpata hata mmoja. Siku ya kushusha mtego wa mwisho, kaka alikaa juu ya ngazi muda mrefu.

"Shuka basi, kazi imekwisha."

"Ngoja. Huku juu kuna pera limeiva."

Akalichuma, akalifuta kwenye shati, akaling'ata. Kwa miaka yote ile sikuwahi kumwona akila pera bila kulipasua kwanza atazame ndani.