Shangazi Eduviges Aipandisha Kinga

Daktari Zegarra alieleza kwa utaratibu, tena mara mbili, kwamba figo za Nélida hazikushambuliwa na mdudu yeyote. Zilishambuliwa na kinga ya mwili wake mwenyewe, ambayo kwa sababu ya ugonjwa wa lupasi ilikuwa imeacha kumtofautisha adui na mwenyeji. Vidonge alivyoandikiwa vilikuwa vya kuituliza kinga hiyo. Vikifaulu, figo zingepona. Visipofaulu, mashine ya kusafishia damu ilikuwa ikimngoja orofa ya chini, siku tatu kila wiki.

Shangazi Eduviges, aliyemlea Nélida tangu utotoni na aliyeketi kando yake muda wote huo, alisikia neno moja tu: kinga. Katika mtaa wao mjini Arequipa hakuna asiyejua kinga hufanywaje. Hupandishwa. Mtoto akikohoa, hupandishwa. Bibi akikosa usingizi, hupandishwa. Kwamba daktari mwenye vyeti vitatu ukutani alitaka kuishusha kulimtia shangazi huzuni kubwa juu ya hali ya vyuo vikuu nchini.

Akachukua jukumu mwenyewe. Kila asubuhi alikwenda kwa muuza emoliente, kwenye toroli lililosimama pembeni mwa kanisa, akaagiza kile kinywaji cha moto cha shayiri na ndimu, kitiwe magome ya ukucha wa paka, mmea wa msituni unaosifiwa kwa kupandisha kinga, kipimo maradufu. Muuzaji, bingwa mwingine wa figo ambaye hospitali ilikuwa bado haijamgundua, alipendekeza kipimo kiwe mara tatu. Nélida akawa anakunywa. Alikuwa na miaka thelathini na minne, alifundisha hesabu darasa la sita, na hakuwahi kumkatalia shangazi yake kikombe.

Wiki ya tatu mkojo wake ulizidi kutoa povu kama la bia, na viatu vya kazini vikakataa kuingia miguuni. Vipimo vilionyesha kwamba protini inayovuja imeongezeka maradufu. Daktari alivua miwani, akauliza ni kitu gani kingine anachotumia. Nélida alitazama sakafu. Shangazi ndiye aliyejibu, kwa fahari, akamtaja na muuzaji kwa jina ili naye asikose heshima yake.

Daktari hakufoka. Aliuliza kama nyumbani wanafuga mbwa. Shangazi akasema yupo, anaitwa Sultán, akammwagia sifa kwa muda mrefu, ila akakiri kwamba ndiye aliyemng'ata Nélida mkono siku ya Krismasi.

"Ukamfanyaje siku hiyo, mama?"

"Nikamfunga. Ulitaka nimfanyeje?"

"Hukumwongezea nyama?"

"We daktari nawe. Nani amwongezee nyama mbwa anayeng'ata watu wa nyumbani?"

Daktari akaivaa tena miwani yake. Shangazi alilitazama kovu mkononi mwa Nélida, akaitazama na miguu iliyovimba. Alichezea kifungo cha sweta yake mpaka kikakatika.

"Kumbe nilikuwa nampa nyama," alisema hatimaye.

"Kila asubuhi, shangazi," alisema Nélida. "Na sahani nimeishika mimi."

Ukucha wa paka ukakoma siku hiyohiyo, na daktari akaongeza vidonge. Miezi mitatu baadaye povu lilikuwa limekwisha, protini imeshuka, na mashine ya orofa ya chini ikaendelea kuwahudumia wengine. Uso wa Nélida ulikuwa umevimba kwa dawa, na majirani wakampongeza kwa kunenepa.

Kwenye toroli la emoliente, shangazi aliwatangazia wateja kwamba mpwa wake amepona.

"Nimemponya mimi," aliwaambia. "Hizo dawa zao zingefika wapi kama mimi nisingeacha kumpa ukucha wa paka?"

Wote walimgeukia Nélida. Yeye, ambaye kutwa nzima kazi yake ilikuwa kuwasahihishia watoto majibu, aliomba kikombe cha shayiri tupu, akaafiki kwamba ndivyo ilivyokuwa.