Mama Nani?

Melania wa mapokezi anaandika kwa penseli, na hilo peke yake lingetosha kukuambia kliniki ile ni ya namna gani. Penseli hufutika. Mara mbili mwaka huu nimetoka Butihinda, pikipiki hadi Muyinga mjini, halafu Hiace mpaka Gitega, nikafika na kukuta jina langu limefutwa, pamebaki alama ya kifutio. "Ee mama, haukupiga simu kuhakikisha." Nipige simu! Kwetu mpakani mtandao wa Tanzania ndio unaofika; ukitaka wa Burundi upande kilimani uinue mkono. Nimepanda. Simu ya Melania inaita, inaita, inakata.

Na ukimpata ni balaa jingine. Anataka umpe tarehe mwezi mzima kabla. Nilimwambia, dada, daktari wenu mwenyewe ndiye aliyesema nihesabu siku tangu damu inapoanza, na damu yangu haisomi kalenda. Akacheka. "Kiswahili yako ni ya Tanzania kabisa." Basi, hilo ndilo jibu. Nilikulia kambi ya wakimbizi huko, Kirundi changu kinachechemea, na Gitega nzima nikifungua mdomo wananijibu kwa Kiswahili kama mgeni. Nimezoea, lakini sijapenda.

Kosa langu nililifanya siku ya kwanza kabisa. Kliniki ile ni ya akina mama wote, wajawazito na sisi tunaotafuta mtoto, na kwa kutunza siri hawaiti majina ya vyeti. Wanaita Mama fulani. Melania akainua penseli: "Mama nani?" Nyuma yangu benchi limejaa wanawake. Nilikokulia, mwanamke akishaolewa huulizwa hivyo tu, na asiye na jibu huangaliwa tumbo. Nina miaka thelathini na minane, kumi na mmoja ya ndoa. Nikasema, "Mama Nuru." Ni jina tulilolichagua mimi na mume wangu Eliud mwaka ule wa kwanza, tulipodhani mambo ni rahisi.

Na nikwambie ukweli, nililipenda. Mtu anaita "Mama Nuru!" nami nainuka. Salima, fundi cherehani wa Magarama, hapo hapo Gitega, ambaye randevu zetu za kumwona daktari huangukia siku moja, alikuwa akinisogezea nafasi na kuniuliza, "Nuru hajambo?" Nami: "Hajambo, yuko kwa bibi yake." Salima hana mtoto wala hafichi. Siku alipoulizwa Mama nani, alijibu, "Andika Salima, yatosha." Ningekuwa na moyo ule! Ila sina, na yeye ndiye mtu pekee duniani niliyezungumza naye habari za vidonge na sindano. Eliud alikuja mara mbili, akapimwa, akaonekana mzima, akaona kazi yake imekwisha. Anafyatua matofali Muyinga, analala huko huko, anarudi nyumbani Jumamosi. Tukila pamoja tunaongea habari za mihogo.

Alhamisi iliyopita ilikuwa siku yangu ya kumi na mbili. Nilikuwa nimeshameza vidonge siku tano; ilibaki ekografi, ile mashine ya tumboni, ionyeshe kama yai limekomaa, nidungwe sindano, nikimbilie kwa mume wangu kabla ya kesho kutwa. Likipita limepita, na vidonge vya mwezi mzima vimekwenda bure. Daktari hutoka Bujumbura. Siku hiyo mafuta ya gari yalimtesa, badala ya saa mbili akaingia saa sita, na saa nane lazima aondoke. Melania akatoka na daftari.

"Atapokea watu tano tu. Wale hawana mtoto hata moja ndio watatangulia. Wengine mutarudi mwezi ujao."

Akasoma majina manne. La tano lilikuwa la Salima.

"Dada," nikasema, "mimi nimefika kabla yake. Na leo ndiyo siku yangu."

"Mama Nuru, we uko na mtoto. Mwache mwenzako naye apate."

Benchi zima likaguna kumuunga mkono. Salima akainamisha kichwa, mikono mapajani. Sifichi, dakika ile nilimchukia, yeye ambaye hakunikosea lolote. Kisha nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka: "Sina mtoto. Hakuna Nuru. Sijazaa kamwe."

Unadhani walinyamaza? Walicheka. "Ehe, leo sisi wote hatuna watoto," akasema mmoja mwenye mimba ya miezi minane. Melania akatikisa kichwa. "Usimkane mtoto wako, mama. Si vizuri." Jamani! Miaka kumi na mmoja watu wananiita tasa bila hata kuniuliza; siku moja najiita mwenyewe, wanakataa.

"Lakini uliniambia alikuwa na surua," akasema Salima polepole. "Mi nilimwombea."

Ni kweli nilimwambia. Siku moja aliponiuliza hali ya Nuru, nikasema hilo.

"Mpigie mume wangu," nikamwambia Melania. "Namba yake iko kwenye fishi yangu, kadi hiyo hapo. Mwulize wewe mwenyewe, mimi sitatia neno." Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Eliud hajui kudanganya. Padri akimwuliza kama amekunywa, anamtajia na idadi ya chupa.

Melania akapiga, akaweka sauti nje ili benchi liwe shahidi. Tukasikia wanaume wanaongea na koleo linakwangua udongo.

"Alo, napiga toka Gitega, kliniki. Nauliza tu kitu kimoja. Nyinyi muko na mtoto?"

Mtu nyuma ya Eliud akamwuliza ni nani huyo.

"Tunaye," akasema. "Mmoja, wa kike. Nuru. Ana miaka minne, mwakani anaanza shule."

Alisema bila kukwama, na hapo ndipo nilipojua haikuwa mara yake ya kwanza. Mimi sikuwahi kumpa Nuru miaka. Sikuwahi kufikiria shule. Yeye alikuwa anamlea huko matofalini, Jumatatu mpaka Jumamosi, mbele ya wenzake, na nyumbani hakunigusia hata siku moja.

Wanawake wakashangilia. Melania akanipa simu, na uso wake unasema, umeona? Nikaiondoa ile sauti ya nje, nikaiweka sikioni.

"Eliud, ni mimi."

"Paskazia," akasema kwa sauti ya chini, "niko na watu hapa."

"Na mimi niko na watu."

Hakukata, nami sikukata. Salima aliitwa, akapita mbele yangu, akaingia kwa daktari, mlango ukafungwa. Tukabaki hivyo mimi na Eliud, simu sikioni, mpaka Melania aliponyoosha mkono akitaka simu yake.