Koki Chini ya Shuka

Mke wa fundi bomba aliamka na hasira, akapanda nayo ngazi za hospitali, akaingia nayo wodini. Nesi alipomsalimia, aliitikiwa kwa pua.

Alikuwa na haki ya kukasirika. Mumewe alikatwa kipande cha kongosho, na siku za mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Kisha pale palipokatwa pakaanza kuvuja, maji ya kongosho yakatuama tumboni na kuwa usaha. Daktari hakumrudisha kwenye kisu. Alimtazama ndani kwa ultrasaundi, akatoboa tundu dogo ubavuni na kupitisha mrija mwembamba mpaka kwenye lile dimbwi. Mwisho wa mrija akaweka koki ya plastiki, na baada ya koki mfuko wa kupokelea uchafu. "Koki hii iwe wazi muda wote," alisema. Usaha ukatoka, homa ikashuka, mgonjwa akaanza hata kugombea mto.

Halafu homa ikarudi. Ikifika usiku fundi anatetemeka mpaka kitanda kinalia, na mfuko hauna cha maana ndani. Asubuhi hiyo daktari alimvuta mke pembeni.

"Isiposhuka mpaka kesho, itabidi tumfungue tumbo tena," alisema. "Nisikufiche, mama. Sidhani kama mwili wake utahimili."

Basi mke akatafuta wa kumla nyama. Alianza na nesi.

"Huo mrija mnausafisha, au mnapita tu mkichungulia?"

"Kila asubuhi naupitishia maji ya chumvi, mama. Unapitisha vizuri."

Akamgeukia shemeji yake, mdogo wa mgonjwa, ambaye kutwa alikuwa akinung'unika kwamba mtu akikamuliwa hivyo atabaki na nini. "Wewe ndiye umeuchezea!" Shemeji akaapa kwa kila anachokijua kwamba hajaugusa. Hakusikilizwa. Alifukuzwa akakae kwenye benchi la nje, mtu mzima na ndevu zake.

Mchana mke alikuwa nyuma ya pazia la kitanda, akikamua kitambaa cha kumfutia mgonjwa, mara sauti ya mama yake ikasikika koridoni. Mama huyo hakosi kuja kila saa ya kuona wagonjwa, mchana na jioni. Fundi naye aliisikia. Kwenye upenyo wa pazia mke akauona mkono wa mumewe ukiingia chini ya shuka, ukazungusha koki, ukauvuta mfuko na kuusukumia chini ya paja. Akalainisha shuka na kuvaa uso wa mkwe mwema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Leo naona una nafuu."

Kikulacho ki nguoni mwako. Mke alikitupa begani kitambaa kinachotiririka. Alisogeza pazia, akafunua shuka, akautoa ule mfuko na kuutundika kwenye chuma cha kitanda, usawa wa macho ya mama yake.

"Kwa hiyo ni wewe," alimwambia mumewe. "Nimemtukana nesi wa watu. Nimemfukuza mdogo wako. Kumbe ni wewe!"

"Nafunga mama akiwepo tu," fundi alisema kwa sauti ndogo. "Akiondoka jioni, usingizi unanichukua kabla sijafungua. Nafungua alfajiri, nesi hajaja."

"Usiku kucha umeziba! Fundi bomba mzima! Ukiziba bomba la watu, uchafu unakwenda wapi?"

Jibu fundi alikuwa analijua vizuri kuliko wote mle wodini.

Mke akaifungua koki. Usaha uliogandia usiku ukaja polepole, mzito, na harufu yake ikamfanya mgonjwa wa kitanda cha pili ageukie ukutani. Mama mkwe hakuziba pua. Alivuta kiti karibu, akakaa.

"Mficha uchi hazai, baba," alisema taratibu.

Lakini fundi alikuwa akimtazama mkewe, na machozi ya aibu yalikuwa yamemjaa. "Umenivua nguo mbele ya mama yako."

"Nimekuvua, ndiyo," mke alisema, bado kwa hasira, huku akimfuta jasho kwa kile kitambaa. "Kesho ungevuliwa na waosha maiti, na hao usingewaonea haya."