Dawa Iliyotiwa Mapema

Katika maabara ya Profesa Terasawa, mjini Kanazawa, mdogo hufika kabla ya mkubwa. Sheria hiyo haikuandikwa popote na hakuna aliyewahi kuivunja. Mizuho Ikegami, mwanafunzi wa uzamili, alikuwa akifika saa moja na nusu asubuhi, theluji ya njiani ikiwa bado haijakanyagwa, akamwandalia meza Kuroiwa, aliyekuwa anamalizia uzamivu. Barafu kwenye ndoo, vichupa kwa mstari, na mkono wa kulia chupa ya maji ya kupasulia seli, imekamilika kwa kila kitu, hata dawa ya kinga. Kuroiwa akiingia saa tatu, kilichobaki kilikuwa kuvaa glavu tu.

"Ikegami-san, siku ukiondoka hapa nitashindwa hata kufungua friji," alikuwa akimwambia.

"Basi maliza upesi, Kuroiwa-san, uniachie hiyo meza ya dirishani."

Kumaliza, Kuroiwa alikuhitaji kweli. Alikuwa na mke na binti wa miezi minane, na chuo kimoja huko Niigata kilikuwa kimemwahidi kazi kuanzia tarehe mosi Aprili, mradi awe na shahada mkononi. Tasnifu angeitetea wiki ya pili ya Februari.

Tasnifu yenyewe ilihusu kimeng'enya kimoja, kile kinachotengeneza dopamini, ambayo seli za ubongo huitumia kupashana habari. Dopamini ikizidi ni balaa, ikipungua ni balaa, kwa hiyo lazima kiwanda chake kiwe na breki. Kuroiwa alisema breki hiyo ni uharibifu: seli hukibandika kimeng'enya alama, ikakitupa kwenye kinu chake cha kusagia protini. Alikuwa na ushahidi. Alizinyima seli uwezo wa kutengeneza protini mpya, kisha kila saa akapasua seli za sahani moja kuangalia cha zamani kimebaki kiasi gani. Kwenye picha, mstari mweusi unaoonyesha kimeng'enya ulianza mnene, ukakonda, na kufikia saa ya nne ukawa haupo. Watafiti wengine walikuwa wamekipa kimeng'enya hicho siku nzima ya kuishi. Watu walikuja kutoka ghorofa nyingine kuziangalia hizo picha.

Mhakiki wa jarida walikopeleka makala alitaka jambo moja tu: zimeni kinu, mtuonyeshe kimeng'enya kinabaki. Kuroiwa alikuwa amezama kwenye kuandika, kwa hiyo Mizuho akalifanya yeye, mwezi wa Januari.

Akazima kinu. Mstari ukapotea vilevile. Akajilaumu, akarudia. Ukapotea tena. Mara ya tatu kiwiko chake kiliigonga ile chupa ya maji ya kupasulia, ikamwagika yote kabla ya sahani ya saa ya tatu. Akachanganya nyingine harakaharaka na kuitumia papo hapo. Sahani za saa ya tatu na ya nne zikatoa mistari minene kama ya mwanzo, na kinu kiwe kimezimwa au kinasaga, hapakuwa na tofauti.

Alikaa akaziangalia kwa muda. Halafu akaenda kwenye kabati, akatoa karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa ya kinga, na kuisoma kwa mara ya kwanza katika miaka miwili.

Seli ikipasuliwa, mikasi yote ya kukata protini iliyokuwa imefichwa ndani yake hutoka na kukata chochote inachokutana nacho, na kimeng'enya hicho ni laini kuliko jirani zake. Dawa ya kinga huifunga hiyo mikasi. Lakini dawa yenyewe, karatasi ilisema, ikitiwa majini hufifia saa baada ya saa, kwa hiyo itiwe dakika ya kutumia. Mizuho alikuwa akiitia saa mbili na nusu asubuhi. Kumwachia mkubwa atie mwenyewe alikuona kama kumkaribisha mgeni chai kisha kumwambia ajimiminie. Sahani ya kwanza iliikuta dawa bado ina nguvu, na ya mwisho ilipasuliwa ndani ya maji matupu. Kinu hakikuwa kimekula kitu. Aliogopa, na hofu ilipotulia kidogo ikaja aibu.

Alirudia mara moja zaidi, dawa ikitiwa kwa wakati. Ijumaa mchana akamfuata Kuroiwa kwenye chumba cha chai, akamkuta anakula tonge la wali lililofungwa kwa mwani.

"Kuroiwa-san, samahani nakukatiza mlo. Ni ile chupa yangu ya asubuhi."

"Imefanyaje?"

"Dawa ya kinga inakufa majini. Naitia mapema. Tukifika sahani za mwisho hamna kitu humo. Nikiitia kwa wakati, kimeng'enya kinakaa."

Kuroiwa alimaliza kutafuna. "Umerudia?"

"Nimerudia."

Akaliweka tonge juu ya karatasi yake. "Nilijua inatiwa mwishoni," akasema. "Siku ya kwanza kabisa nilikuta umeshaitia. Nikajisemea, mtoto wa watu kaamka alfajiri na theluji hii, naanzaje kumwambia? Nikasema kesho."

"Ungeniambia."

"Ningekwambia. Halafu picha zikatoka nzuri."

Mizuho alijua kwamba akiombwa asubiri mpaka Februari ipite, atakubali, na hilo lilimtisha kuliko picha. Kuroiwa hakuomba. Alisimama, akanawa mikono, akamwambia waende kwa Mwalimu.

Profesa Terasawa aliipanga mistari mezani, ya zamani na mipya, akaiangalia bila kuketi. Kuroiwa akainama mpaka kiunoni.

"Kosa ni langu, Mwalimu. Dawa nilikuwa naitia mapema."

Mbele ya mwalimu, mdogo hamsahihishi mkubwa wake. Mizuho aliyaangalia mazulia.

"Si yeye," akasema. "Ni mimi."

"Najua," Terasawa akasema. "Huyu tangu nimfahamu hajawahi kufanya lolote mapema." Hakuna aliyecheka. Profesa akazikusanya picha za zamani, akaziweka kwenye droo. "Utetezi tunaufuta. Makala tunairudisha kwetu. Niigata nitawapigia mimi, lakini nafasi ya Aprili hawataishikilia mwaka mzima, msijidanganye. Kuroiwa, kampigie mkeo kabla hajafunga mizigo."

Mizuho alibakizwa dakika kumi aeleze majaribio yake. Alipofika mlangoni ili atoke alimsikia Kuroiwa ukumbini, mgongo ameupa mlango, simu sikioni.

"Hatuhami," alikuwa akisema. "Hapana, sijaonewa na mtu... Ilikuwa sentensi moja tu ya kumwambia. Niliona aibu kuisema." Akasikiliza. Kisha sauti ikabadilika, ikawa ya kumbembeleza mtoto aliyeletwa kwenye simu, maneno yasiyo na maana yoyote.

Mizuho akabaki nyuma ya mlango, kwa sababu kupita kungemwonyesha Kuroiwa kwamba amesikia. Alisimama pale mpaka simu ikakatwa, akahesabu mpaka mia, ndipo akatoka.