Barakoa ya Filino

Waimbaji walipogeuka, mmoja alichelewa. Ilikuwa kufumba na kufumbua tu, lakini Antidoro aliona, na aliyechelewa alikuwa mwanawe.

Tangu mizeituni ivunwe, Antidoro alikuwa akiwalisha na kuwavisha waimbaji kumi na watano wa tanzia, mchezo wa msiba. Mwaka huo zamu ya ufadhili ilimwangukia yeye, na tajiri gani wa Athene angekubali kushindwa katika sikukuu ya Dioniso, mji mzima ukitazama?

"Filino!" alifoka. "Miguu hiyo umeazima kwa nani?"

Filino akainua barakoa yake, uso wa mzee mwenye ndevu nyeupe, akajifuta jasho. "Kwa babu, Baba. Si tunaigiza wazee?"

Wenzake wakaangua kicheko. Hata Evaioni, mtunzi aliyekuwa akiwafundisha, alitabasamu. Antidoro hakutabasamu.

Kesho yake sokoni alikutana na Kalistrato, mfadhili wa kundi pinzani, amesimama kwa wauza samaki.

"Wazee wako hawajambo?" Kalistrato aliuliza kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo. "Nasikia mmoja anageuka kama ng'ombe aliyesahau zizi. Tena eti ni damu yako! Ama kweli mtoto hutazama kisogo cha nina, maana cha babaye kiko juu mno."

Wauza samaki walicheka hadi wakashika mbavu. Antidoro naye alicheka, kwa kuwa asiyecheka ndiye anayechekwa zaidi, lakini yule samaki mkunga aliyemnunua alimtupa njiani.

Alipofika nyumbani alimwita Evaioni pembeni. "Mtoe Filino. Mlete Kefiso, yule mwana wa mfinyanzi. Ana sauti."

Evaioni akatikisa kichwa. "Mzee wangu, sheria unaijua. Mwimbaji wa sikukuu haguswi na jeshi mpaka sikukuu iishe. Kefiso ameshaitwa vitani. Ukimleta hapa, atabaki. Na Filino ukimtoa leo, kesho anabeba mkuki."

"Vita gani hivyo? Kwenda kuwatisha wachunga mbuzi! Watarudi kabla hatujaweka viti."

"Na ini la mbuzi tuliyemchinja juzi kutazamia bahati? Halikuwa na ncha. Umri wangu huu sijaona ini la namna ile likaleta heri."

"Mbuzi alikuwa mgonjwa," alisema Antidoro. "Mungu atanidai nini? Hakuna aliyewavika waimbaji zambarau kama mimi. Mwaka huu nashinda, atake asitake."

Neno lile la mwisho Evaioni alilisikia, akatema mate kifuani pake ili balaa lipite kando. Kwa miaka mingi alikuwa amewaandikia wafalme wa jukwaani maneno kama hayo, na alijua mfalme akishayatamka hukumu huanza kutembea.

Filino alipoambiwa hakubisha. Aliifuta barakoa ile kwa kitambaa, akamkabidhi Kefiso. "Inabana kidogo hapa masikioni," alimwambia. "Utaizoea."

Mama yake, Melita, ndiye aliyebisha.

"Baba Filino, mwanao alikuwa na ngao. Umemvua, ukamvika mtoto wa mtu."

"Mama Filino, usinililie mtu aliye hai."

Tangu siku hiyo Melita alikaa karibu na mlango, akisokota sufu, na kila nyayo zilipopita nje kijiti kilisimama mkononi mwake.

Sikukuu ikafika, meli zilizompeleka Filino vitani hazijarudi. "Ni upepo," alisema Antidoro, na hakuna aliyemuuliza.

Asubuhi ya zamu yake aliketi viti vya mbele, kichwani ana taji la majani. Mtarishi wa sikukuu akapuliza tarumbeta, na tanzia ya Evaioni ikaanza. Mfalme mwenye kiburi alimtuma mwanawe akalinde lango, wazee wakamwonya kwa wimbo, naye akawaambia wanyamaze. Wazee waligeuka kushoto, wakageuka kulia. Mguu hata mmoja haukuchelewa.

Akiwa amenyoosha shingo, Antidoro alisikia mnong'ono nyuma yake. Watu waliochelewa walikuwa wakipenya kwenye ngazi za juu, watu wa bandarini, na mnong'ono ule ulishuka safu moja baada ya nyingine kama maji yanavyoshuka mtaroni. Ulipofika safu ya pili ukakatika.

Jukwaani mjumbe aliingia mbio. Katika tanzia mtu hauawi mbele ya macho ya watu. Kifo huja kwa maneno. "Mfalme," alisema mjumbe, "lango limevunjwa. Kijana hakukimbia."

Uwanja ukalipuka kwa kilio.

Antidoro alifumba macho kwa raha. Hakuwahi kusikia kilio kama kile. Wanaume wazima walikuwa wakilia kwa kwikwi, na mjumbe hajasema hata nusu ya habari yake! Taji ni letu, aliwaza. Kalistrato akatafute pa kuficha uso.

Akageuka amtafute.

Safu zote nyuma yake zilikuwa zikilia, na hakuna aliyetazama jukwaani. Walikuwa wakimtazama yeye. Hakuna aliyekuwa amemgusa bega, kwa sababu mchezo wa mungu haukatizwi. Walikuwa wamemwacha akae katika furaha yake. Kalistrato alikuwa mtu wa nne kutoka kwake. Alikuwa ameshalivua taji lake.

Hapo ndipo Antidoro alipojua.

Mlango wa jukwaa ulifunguliwa, na kitanda cha magurudumu kikasukumwa nje, juu yake kimelala kidoli cha mwana wa mfalme kilichofunikwa shuka. Wazee kumi na watano wakakizunguka. Antidoro hakukitazama. Macho yake yalikuwa kwa mzee wa mwisho, mstari wa kushoto, aliyevaa barakoa ya Filino.

Waamuzi walimpa ushindi. Mtarishi aliliita jina lake mara mbili kabla hajainuka, akashuka, akampita Evaioni aliyekuwa akinyoosha mikono kumpokea, akaenda moja kwa moja mpaka kwa waimbaji. Kefiso alikuwa ameshika kamba za barakoa, anataka kuifungua.

"Mzee, nisamehe..."

"Usiivue," Antidoro alisema. "Bado kidogo, mwanangu. Usiivue."

Akasimama akiutazama uso ule wenye ndevu nyeupe na mikunjo ya udongo, uso pekee wa uzee ambao Filino aliwahi kuuvaa.