Kabur

Brandon alipotangaza kwamba atamrudisha bibi yake kisiwani kwao, kila mtu alimsifu. Wa kwanza kumsifu alikuwa Rosette, na tangazo hilo ndilo lililokuwa linampotezea kazi.

Ndivyo alivyo Rosette. Ni mtu wa Idjwi, kile kisiwa cha katikati ya Ziwa Kivu, na ukimtajia kwao hasikii tena lingine. Alitoka huko msichana, akala miaka kwenye kambi ya wakimbizi Uganda, akaletwa Houston, kwenye maghorofa ya Gulfton yanayonuka mafuta ya kukaangia. Tangu hapo, kila kanisa lao likizika mtu, akirudi anawakalisha watoto wake. Binti yake mkubwa, Kethia, alipohamia DeSoto kule Dallas, akawa anampigia simu kwa hotuba ileile.

“Mimi hapana hapa,” anasema. “Mimi mutanirudisha Idjwi. Mwacha asili ni mtumwa.”

Watoto wananyamaza, naye anauhesabu ukimya wao kuwa ni utii.

Kazi yake ilikuwa Katy, nje kidogo ya Houston, kwenye mitaa mipya ya nyumba zinazofanana hadi mtu anaweza kuingia ya jirani akavua viatu. Huko alimwosha, akamlisha na kumkalisha dirishani Oma Welmina. Oma ndivyo wanavyomwita bibi huko kwao Tanaru, kisiwa kidogo cha upande wa Maluku, Indonesia. Aliletwa Texas na binti yake, Yosina. Yosina akafa mwaka jana, na mzee akabaki mikononi mwa mjukuu, Brandon, injinia wa mabomba ya mafuta, kijana mwenye adabu na uso wa mtu asiyelala vya kutosha. Lugha ya mama yake aliijua ya kuombea chakula tu. Yosina alitaka mwanawe afaulu shuleni, basi akamwongelesha Kiingereza mpaka akafaulu.

Rosette naye hakuijua lugha hiyo, lakini siku za mwanzo alisikia maajabu. Oma aliposema dunia, ilikuwa ni dunia. Sabuni aliiita sabun. Aliposema kabar, alikuwa anauliza habari. Rosette alicheka mpaka akakaa chini. Toka siku hiyo akajiona mkalimani, na nyumba nzima hapakuwa na wa kumpinga.

Sasa, kulikuwa na neno moja ambalo Oma alilirudia kila akitazama nje. Alitaja kampung, ambayo Rosette alishajua ni kijiji, akapunga mkono kuonyesha mbali, kisha akasema: kabur. Brandon aliliingiza neno kwenye simu, simu ikamwambia ni kuona ukungu. Akampeleka Oma kwa daktari wa macho, akamnunulia miwani. Oma akaivaa, akaona vizuri, akaendelea kusema kabur.

“Hapana macho,” Rosette alimwambia Gakii, nesi Mkenya aliyepita kila wiki kumpima Oma presha. “Ni kaburi. Huyu mama iko anataka kaburi ya kwao. Iko anaomba bamurudishe kule kijijini, afie kwao.”

“Si ungesema mapema?” Gakii alijibu, akikunja mashine yake. “Hata shosho yangu, mama ya mamangu, alikuwa hivyo. Alikataa kabisa kukaa Nairobi, ikabidi tumrudishe Meru. Ng’ombe akivunjika guu hurejea zizini, my dear. Wacha nimwambie huyu kijana.”

Akamwambia, kwa Kiingereza cha hospitali na kwa ile sauti ya manesi ambayo mtu haibishi.

Kuuliza si ujinga, lakini nani angeuliza, na wote walishajua jibu? Kanisa la Waindonesia lipo Houston, ila Brandon aliacha kwenda tangu alipomzika mama yake. Alijaribu mwenyewe. Alichuchumaa mbele ya bibi yake akasema kwa maneno ya kuokoteza, “Oma, nyumba? Nyumba, ndiyo?” Oma akaitikia kwa kichwa. Nyumba ile ya Katy aliipenda. Ilikuwa na joto na choo cha karibu.

Basi Rosette akapanga sanduku. Alizikunja saruni za Oma, zile nguo zake za kujifunga kiunoni, moja moja, mgongo ukimuuma, na tuseme ukweli, alikuwa na wivu. Mwenzake anarudi, yeye bado anabadilisha watu nepi kandokando ya haiwei.

Siku moja kabla ya safari, mchana, sanduku likiwa tayari kwenye buti ya gari, Brandon alimpigia Elia simu ya video. Elia ni mpwa wa Oma, mwalimu wa pale Tanaru, na ili apate mtandao inabidi apande kilima cha kanisa. Kiingereza chake kilikuwa cha kitabuni, kimenyooka.

“Jumapili tunafika,” Brandon alimwambia. “Namleta Oma nyumbani.”

Elia hakufurahi kama walivyotarajia. Aliomba aonyeshwe shangazi yake, akamweleza kwa lugha yao. Oma alisikiliza hadi mwisho. Hakupiga kelele. Alishika magurudumu ya kiti chake kwa mikono miwili, kwa nguvu, kisha akaongea kwa muda mrefu, na lile neno likatoka tena na tena.

“Anauliza amewakosea nini,” Elia alisema. “Anasema yeye alishakimbia, kwa nini mnamrudisha. Anasema kila siku anawaambieni kwamba kijiji chote kimekimbia.”

“Kaburi?” Rosette aliuliza.

“Kabur. Kutoroka. Kukimbia.” Elia alijifuta uso kwa kiganja. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. Alieleza kwamba vijana wote wako mjini Ambon au kwenye machimbo ya visiwa vingine. Meli huja ikitaka. Mikarafuu imezeeka pamoja na wenyewe, na visima vimeingia chumvi. Makaburi yalikuwa ufukweni, na bahari imeyachukua, hata la mume wa Oma. “Mimi mwenyewe nimeomba uhamisho. Nilikuwa natafuta namna ya kuwaambia.”

Oma akasema jambo jingine, fupi.

“Anasema kaburi analo huko huko kwenu,” Elia alisema. “La binti yake. Anauliza kwa nini hamjawahi kumpeleka.”

Yosina alipozikwa, Oma alikuwa amelazwa. Baadaye Brandon aliondoa picha zote sebuleni, akamwomba Rosette asimtaje marehemu ili mzee asilie, na Rosette akaona ni wazo zuri. Sasa aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Walikwenda makaburini saa ileile, sanduku likiwa bado kwenye buti. Makaburi yenyewe yako karibu na haiwei, malori yanasikika. Oma alivua miwani, akaifuta kwa saruni, akaivaa, akalisoma jina la binti yake kwa sauti, herufi kwa herufi. Kisha akaonyesha nyasi za kando ya jiwe na kuuliza kitu, na safari hii hapakuhitajika mkalimani.

“Hakuna mtu, Oma,” Brandon alisema. “Ni nafasi yako.”

Oma akaipapasa ile nafasi kwa macho, akaridhika, akaomba maji.

Rosette aliwaacha, akaenda kusimama kando ya gari. Alimwaza mama yake, aliyezikwa Idjwi bila yeye. Aliwaza kaka zake, mmoja Goma, mmoja Kampala, mmoja hajulikani aliko. Nani angebaki huko wa kulipokea jeneza lake? Wangemlilia watu wasiomjua, na waliomjua wangerudi Texas bila kaburi la kutembelea Jumapili. Alijiona mjinga, kisha akajihurumia. Akampigia Kethia.

“Mama, niko kazini. Who died?”

“Hakuna mutu.” Alitaka kulizungusha jambo, akashindwa, hakuwa na nguvu hiyo. “Sikiliza. Nikikufa, munizike hapa. Musinipeleke Idjwi. Munizike fasi munaweza kufika na gari.”

Rosette akasikia mtoto wake anaanza kulia.

“Asante, Mama,” Kethia alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka hakuchanganya hata neno la Kiingereza. “Tuliogopa kukuambia.”